Kupika salfaidi ya shaba Lubumbashi: anza na saa ya ukutani

"Yaya (dada mkubwa au kaka mkubwa, kwa Kiswahili cha hapa), poda yangu imetoka kijani."

Ujumbe huo ulinifikia usiku kutoka kwa mdogo wangu mmoja anayeandaa kazi yake ya kumaliza masomo hapa Lubumbashi. Nilimuuliza: umeikausha kwa nyuzi ngapi? Akajibu: mia moja na hamsini, tena ikiwa bado imelowa. Basi. Salfaidi ya shaba yenye unyevu ikipata hewa ya moto huanza kugeuka salfeti, na salfeti ndiyo inayoleta ule ukijani. Nyuzi 60 zinatosha, hata kama itabidi usubiri mpaka kesho.

Lakini kukausha ni mwisho wa safari. Wengi tunaharibu mwanzoni.

Chanzo cha salfa kwanza. Ukimwaga salfaidi ya sodiamu kwenye maji yenye chumvi ya shaba, kila kitu kinakuwa cheusi papo hapo: chembe zimezaliwa zote kwa pamoja, hakuna iliyopata nafasi ya kukua na umbo lake. Ni kama kumwaga unga wote wa bukari (ugali) kwa mkupuo, utakula madonge. Thiourea, kemikali nyingine yenye salfa ndani yake, inaachia salfa kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda, na kovelaiti, yaani ile salfaidi ya shaba tunayoitafuta, ambayo fuwele zake ni za pembe sita, inapata muda wa kujijenga kuwa visahani vyembamba. Visahani hivyo vikishikana, chini ya hadubini ya elektroni unaona maua. Ukichanganya nitrati ya shaba na thiourea, bluu itafifia na mchanganyiko unaweza kuwa mweupe kama maji ya mchele. Usishtuke, usimwage (mimi nilimwaga mara mbili). Thiourea izidi shaba, angalau mbili kwa moja kwa moli (idadi ya chembe, si uzito), maana salfa ikipungua unaweza kupata digenaiti, salfaidi yenye shaba nyingi zaidi, badala ya kovelaiti.

Mchanganyiko huo unapikwa ndani ya oveni kwenye otoklavu, ile sufuria ya chuma yenye kikombe cha tefloni ndani: kikombe cha mililita 50 usikijaze zaidi ya mililita 40. Watu wanaogopa mvuke, na kweli kwenye nyuzi 180 unafika kama mara kumi ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Lakini hatari kubwa zaidi ni maji yenyewe. Kwenye joto hilo yanatanuka zaidi ya sehemu moja ya kumi, na yakikosa nafasi yatasukuma chuma.

Isifunguliwe ikiwa na joto. Niliwahi kufungua ya kwangu ingali vuguvugu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi basi la Katuba. Harufu ya yai viza ilijaa chumba kizima. Hiyo ni hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu, na ubaya wake ni kwamba ikizidi, pua inakufa ganzi. Ukiacha kuisikia usidhani imeisha: toka nje. Fungulia kwenye kabati la kuvuta hewa, sufuria ikiwa baridi kabisa.

Sasa umeme, ambao hakuna kitabu cha kemia kilichonionya. Niliweka oveni nyuzi 150 kwa muda wa saa 12, usiku kucha, asubuhi nikakuta taa yake inawaka, nikaandika kwenye daftari "saa 12". Maua yalitoka mazuri. Nikarudia wiki tatu nzima bila kuyapata tena, nikalaumu chumvi, nikalaumu maji, hadi mlinzi aliponiambia, kwa kupita tu, kwamba usiku ule umeme ulikatika saa tano ukarudi saa nane. Maua yangu yalikuwa ya saa tisa, tena yenye kupoa katikati!

Tangu hapo nachomeka saa ya ukutani isiyo na betri kwenye laini moja na oveni. Umeme ukikatika, nayo inasimama. Asubuhi nailinganisha na simu; tofauti ndiyo muda uliopotea. Na kama unaweza, chagua kazi ya saa sita, uianze alfajiri, ukae nayo.

Mdogo wangu amerudia juzi. Poda imetoka nyeusi yenye bluu ya wino. Saa ilikuwa nyuma kwa dakika arobaini, naye kaziandika.