Uliza Fundi wa Gemu: "Nina gold 60 tu, farasi nitamnunua na nini?"

Wasomaji wangu, barua zenu nimezipata, asanteni sana. Karibu zote ni za Skyrim, gemu ya upanga na uchawi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, pesa. Sishangai, gemu hii ilitoka Novemba 2011 na laptopu nyingi za mtumba tunazonunua hapa Kampala bado zinaibeba bila shida, kwa hiyo kila mwaka kuna watu wapya wanaingia Whiterun, mji wa ndani ya gemu, mfuko mtupu. Leo basi ni gold tu, yani pesa ya ndani ya gemu, za magari ya mbio na mpira tutazijibu toleo lijalo.

"Fundi shikamoo. Mi niko Arua, nacheza kwa laptopu ya kaka yangu akienda kazini. Nimefika Whiterun nina gold 60, farasi pale nje kwenye zizi ni gold 1000. Naua majambazi, nabeba nguo zao za chuma zote, nikifika mjini napata vijisenti. Nakosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Hukosei kuua majambazi, shida ni unachobeba. Ile iron armor ina uzito wa 30 na thamani yake imeandikwa 125, na we mwanzo kabisa unabeba 300 tu, sasa toa silaha zako, toa nguo ulizovaa, unabaki na nafasi ya nguo kama saba nane hivi halafu ushaanza kutembea kama kobe. Kingine ambacho watu hawakiangalii, ile thamani iliyoandikwa sio bei ya kuuzia. Skili yako ya Speech, yani ufundi wa kuongea na kupatana bei, ikiwa bado chini mwenye duka anakupa kama theluthi tu ya thamani, kwa hiyo hiyo 125 mkononi inakuwa 40 hivi, kwa uzito wa kilo za kutosha kuvunja mgongo!

Fanya hivi. Kila kitu unachookota gawanya thamani kwa uzito, ikitoka chini ya 10 kiache pale pale chini, usikionee huruma. Pete, mikufu, vito, skroli, dawa, chochote chenye uchawi, hivyo ndio vya kubeba. Pete ya dhahabu ina thamani 75 na uzito wake ni robo, yani ukiwa na pete mia moja hata husikii kama umebeba kitu. Upanga wa chuma mwachie marehemu.

Na kama bado hujafanya ile kazi ya Lucan pale Riverwood, yule mwenye duka aliyeibiwa ukucha wa dhahabu, rudi ukaifanye. Ukucha uko Bleak Falls Barrow mlimani juu ya kijiji, usimrudishie kabla hujafungua nao ule mlango wa mviringo ndani kaburini, ukimaliza ndio umpelekee. Njia ile ile inakupa vitu vya kuuza na anakulipa juu yake.

"Habari fundi. Nasikia kuna uchawi wa kugeuza chuma kuwa dhahabu, marafiki zangu hapa Ntinda wanabishana, mmoja anasema ni mod, kitu cha kuongezwa na mashabiki. Ni kweli iko ndani ya gemu yenyewe?"

Ni kweli kabisa na sio mod, inaitwa Transmute Mineral Ore. Kitabu chake kiko Halted Stream Camp, kambi ya majambazi kaskazini ya Whiterun, ingia mpaka ndani mgodini na hakikisha una sururu manake mle mle kuna chuma ukutani na kila mshipa unakutolea mawe matatu. Soma kitabu, halafu piga uchawi ukiwa na jiwe la chuma kwenye begi: mara ya kwanza linakuwa fedha, mara ya pili linakuwa dhahabu.

Sasa hesabu yake nataka muielewe vizuri maana hapa ndipo utamu ulipo. Jiwe la chuma thamani yake ni 2. Likishakuwa dhahabu ni 50. Mawili ukiyayeyusha yanatoa mkuo mmoja wa dhahabu, 100. Kwa hiyo umetoka 4 umeingia 100 na hujapigana na mtu. Tanuru liko pale pale kwa Adrianne mfua chuma, duka la Warmaiden's ukiingia tu geti la Whiterun mkono wa kulia, na yeye mwenyewe huwa anauza mawe ya chuma, nunua kwake, geuza mbele yake, yeyusha kwenye tanuru lake, muuzie yeye yeye.

Inachosha kidogo mwanzo, sitakudanganya. Huo uchawi unakula magicka nyingi, yani nguvu ya kupigia uchawi, na mchezaji mpya ana 100 tu, unapiga mara moja umekwisha. Dawa yake ni kubonyeza kile kitufe cha kusubiri, subiri saa moja ya ndani ya gemu magicka inajaa, piga tena, subiri tena. Na kila unapopiga skili ya Alteration, ile ya uchawi wa kugeuza vitu, inapanda, ukifua pete na mikufu kutokana na hiyo mikuo Smithing, skili ya kufua, nayo inapanda haraka sababu inapanda kwa thamani ya kitu ulichotengeneza. Yani pesa inaingia na mtu wako anakua, njia chache sana kwenye gemu hii zinakupa vyote viwili kwa pamoja.

"Fundi, mimi vitu vya kuuza ninavyo vingi mpaka kifua cha nyumbani kimejaa. Tatizo wenye maduka hawana pesa! Belethor nikimuuzia vitu viwili vitatu amekwisha. Dada wa Busia."

Dada yangu umegusa penyewe, na wengi hawajafika huko bado lakini watafika. Kwenye Skyrim mwishowe hukosi mali, unakosa mnunuzi. Mwenye duka la kawaida kama Belethor ana gold 750, mfua chuma 1000, muuza dawa 500, basi. Ni kama kuingia soko la Owino na bidhaa ya mamilioni umwendee mama mmoja mwenye meza moja, hata kama anaitaka atakulipa na nini?

Kwa hiyo usimalizie mzigo wote kwa mtu mmoja. Whiterun anza kwa Adrianne na mikuo na silaha, panda kwa Belethor na vito na pete, ingia kwa Arcadia muuza dawa na dawa zako, kila mtu mpe kinachomhusu. Pesa zao zinarudi baada ya saa 48 za ndani ya gemu, ukilala siku mbili wako sawa tena, au vizuri zaidi nenda mji mwingine uuze huko halafu ukirudi unakuta hawa wameshajaa. Ile misafara ya Khajiit nje ya mageti ya miji pia inanunua, watu wanaipita tu kama hawaioni.

Halafu tafadhali weka pointi kwenye Speech. Najua kila mtu anataka perki (uwezo wa ziada unaochukua kwa pointi) za upanga na mshale, lakini ukifika Speech 50 unachukua perki inaitwa Merchant, hapo mtu yeyote anakununulia kitu chochote, mfua chuma ananunua dawa, muuza dawa ananunua shoka. Ukifika 70 kuna Investor, unampa mwenye duka gold 500 na yeye anabaki na mtaji mkubwa zaidi siku zote. Ukifika 100 Master Trader, kila mwenye duka anaongezewa 1000. Nakwambia dada ukiwa na hizo tatu kile kifua chako kitaisha wiki hiyo hiyo.

Ukikuta dawa au silaha nzuri na pesa ya mwenye duka imeisha, nunua kwake. Pesa uliyompa inarudi kwenye mfuko wake na unaweza kuendelea kumuuzia. Mimi hapo ndipo nanunua mawe ya chuma, mishale na mawe ya roho, manake vitu hivyo nitavitumia tu.

"Mzee wa gemu, kutengeneza dawa kunalipa kweli au ni kupoteza muda? Naona vimaua vingi njiani siviokoti."

Banange, viokote! Alchemy ndiyo biashara ninayoipenda kuliko zote ndani ya gemu hii na naona watu wanaikimbia kwa sababu ya majina marefu. Anza na viwili tu, ua la bluu la milimani, blue mountain flower, na ngano. Ngano iko kwenye mashamba yanayozunguka Whiterun, maua yamejaa kwenye tambarare yote ya pale, unakusanya huku unatembea tu. Vyote viwili vinaponya na vyote viwili vinaongeza afya, sasa ukivichanganya dawa inatoka na mambo mawili ndani na bei ya dawa inahesabiwa kwa kila jambo lililomo. Meza ya kuchanganyia iko dukani kwa Arcadia, kwa hiyo unatengeneza na kumuuzia hapo hapo.

Ukizoea, sasa tafuta kidole cha jitu, giant's toe. Kidole hicho ukichanganya na ngano dawa ya afya inayotoka inadumu muda mrefu mno, na bei inapanda kwa sababu hiyo, utashtuka ukiona namba. Ongeza creep cluster, ule mmea unaotambaa kwenye chemchemi za maji moto kule Eastmarch, unapata mambo matatu kwa mpigo. Ila majitu msiyaendee mkiwa wadogo jamani, rungu moja tu linakurusha mawinguni kabisa. Waulize wauza dawa, saa zingine vidole wanavyo dukani, na ukishakuwa na upinde mzuri panda juu ya jiwe ambalo jitu halifiki upige kutoka huko.

Mwenye Hearthfire, ile nyongeza ya kujenga nyumba, na kwenye toleo la Special Edition imo tayari, anaweza kununua kiwanja kwa gold 5000 akapanda ngano na creep cluster nyumbani kwake. Unavuna, unasubiri siku chache, unavuna tena. Mimi nikiwa na bustani sihitaji tena kuingia pangoni kwa ajili ya pesa.

"Kuna mtu kwenye simu ameniambia atanitumia gold 100,000 kwa Skyrim yangu nikimtumia shilingi elfu ishirini kwa mobile money. Nitume?"

USITUME. Soma hapa taratibu kaka na umsomee na mwenzako aliyekaribu. Skyrim unacheza peke yako, haina seva, haina soko la pamoja, hakuna mtu duniani anayeweza kukutumia gold kutoka kwenye simu yake iingie kwenye sevu yako, yani gemu uliyohifadhi. Haipo hiyo njia. Akishapokea elfu ishirini yako ataomba elfu kumi ya "kufungua akaunti", na ukituma hiyo atazima laini. Na akikuomba PIN au ile namba inayoingia kwa meseji, kata simu hapo hapo.

Kama una kompyuta na unataka gold ya bure, gemu yenyewe ina konsoli, unaandika player.additem f 5000 unapata 5000, bila kumlipa mtu. Mimi siitumii kwa sababu nikishapata pesa zote kwa sekunde sioni tena sababu ya kwenda popote, lakini hiyo ni gemu yako, nyumba yako, hakuna anayedhulumiwa. Kwa pleisteshoni hiyo konsoli haipo.

"Niliiba vitu vizuri sana Whiterun lakini hakuna anayenunua. Kwanini?"

Vina alama ya wizi, mwenye duka wa kawaida hagusi. Nenda Riften, ongea na Brynjolf sokoni, ingia kwenye Thieves Guild, kundi la wezi, pale chini Ragged Flagon kuna Tonilia ananunua mali ya wizi. Kadiri unavyofanya kazi za kundi pesa za wanunuzi wao zinapanda, mwishoni wanafika 4000, hakuna duka la kawaida linalowafikia. Ukikamatwa lakini, faini utalipa na mzigo wa wizi unachukuliwa wote, kwa hiyo usitembee nao begini mjini.

"Ninunue nyumba ya Whiterun gold 5000 au nisubiri? Naweka vitu vyangu kwenye pipa nyuma ya duka."

Nunua, na toa vitu kwenye hilo pipa LEO. Mapipa na masanduku ya mtaani mengi yanajaa upya baada ya siku kadhaa na chochote ulichoweka kinapotea, hakirudi. Breezehome vifua vyake ni salama siku zote, iko hatua chache kutoka tanuru la Adrianne, na ukilala kwenye kitanda chako skili zinapanda kwa asilimia 10 haraka zaidi kwa saa kadhaa. Lala kwanza, ndio ukatengeneze dawa.

"Nacheza kwenye kibanda cha gemu Jinja, nalipia kwa saa. Nikirudi kesho nakuta mtu ameicheza sevu yangu na gold amemaliza."

Pole sana ssebo, hii inauma. Mwombe mwenye kibanda akufungulie yuza (akaunti) yako mwenyewe kwenye ile PS4, na ukimaliza kopi sevu yako kwenye flashi, inakubali, iko kwenye settings. Beba flashi yako nyumbani. Na kwa kuwa unalipia dakika usizimalize kutembea: ingia ukiwa karibu na duka, uza, nunua, yeyusha, halafu mapigano baadaye.

"Mimi ni mdogo naogopa mapango. Naweza kupata pesa bila kupigana?"

Unaweza mdogo wangu. Pale Riverwood kwenye mashine ya mbao kuna gogo na shoka, pasua kuni, kila ukibonyeza unapata sita, mpelekee Hod wa hapo hapo kwenye mashine anakununulia kila moja gold 5. Wakulima nao wananunua kabichi, viazi na ngano ukiwavunia shambani kwao.