Kwa nini riwaya za magenge hununuliwa sana

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini riwaya za magenge zinauzika kuliko hadithi yako ya polisi mwema. Fungua kurasa za mwanzo za The Godfather ya Mario Puzo (1969). Bonasera, mfanyabiashara wa mazishi, yuko mahakamani. Vijana waliompiga binti yake wanapewa kifungo cha nje na kwenda zao. Ndipo anamwendea Don Corleone, mkuu wa genge la Mafia. Msomaji aliyewahi kudhulumiwa anakuwa upande wake papo hapo, hata risasi haijalia! Na Puzo alikiri kwamba hakuwahi kukutana na jambazi wa kweli, alitegemea utafiti. Basi bunduki ziache kwanza. Andika nani kaonewa, na alipokwenda kushtaki alijibiwa nini.