Maswali ya Wasomaji: Kushuka kusini kwa tanga mwezi wa saba

SWALI: Mwakeye, wahariri. Mimi na mume wangu tuna mashua ya mbao ya mita 6, tanga moja la foromali (lile la pembetatu linalofungwa kwenye mti wa mshazari) na injini ya farasi 8. Mwezi wa saba tunataka kutoka Kigoma kushuka Ziwa Tanganyika hadi Buhingu, wawili tu. Wavuvi wa Kibirizi wanatucheka, wanasema upepo wa kusini utaturudisha. Mume wangu anasema tutapiga mbisho, yaani kwenda mshazari kushoto na kulia dhidi ya upepo, mpaka tufike. Nani ana haki? (Mama wawili, Ujiji)

JIBU: Wavuvi, dada, kama mnakusudia kusafiri mchana. Tanga la foromali ni nadra kuukaribia upepo kwa chini ya nyuzi 60. Kwa pembe hiyo, kila kilomita 1 ya kusini mnailipa kwa kilomita 2 za mwendo. Kutoka Kigoma hadi mdomo wa mto Malagarasi, kabla ya Buhingu, ni kama kilomita 40, basi mtakwenda 80. Mashua ya mita 6 ikiwa inapigana na mawimbi hutembea kilomita 5 au 6 kwa saa. Hapo ni saa 14, na Buhingu haijaonekana bado.

Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki huingia kwenye bonde la ziwa kama kwenye bomba, milima huku na milima huku. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na wimbi hukua kadiri linavyopata maji ya kukimbilia. Sisi tuko juu kaskazini, kwa hiyo linalotufikia limeshatembea sana. Ni fupi, limesimama, na linafuatwa na jingine kabla omo, pua ya mashua, haijainuka sawasawa.

Usiku mambo ni mengine. Milima ya mashariki inapoa, hewa baridi inateremka ziwani, na upepo huo wa nchi kavu unawajia ubavuni, upande wa kushoto, mkielekea kusini. Mkikaa kilomita 1 hadi 2 kutoka ufukweni, wimbi halina nafasi ya kukua. Ndiyo safari yenu hiyo. Ondokeni saa 8 usiku. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, saa 2 asubuhi mmekaribia Malagarasi, wakati upepo wa kusini ndio kwanza unaamka. Msisahau kwamba kwetu jua la Julai linachomoza saa 1 na dakika kama 10. Mtatembea gizani zaidi ya saa 5. Chagueni basi siku za kuanzia mwezi mpevu hadi wiki moja baadaye, maana mwezi unakuwa juu mpaka alfajiri, na nyavu za dagaa ni chache kwa kuwa wavuvi wa taa hupumzika.

Kuna upande wa pili wa utulivu huo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, yaani katikati kabisa ya msimu wa kusi. Ziwa likifungwa, wa kukuvuta ukiharibikiwa ni wachache. Mjiandae kana kwamba hakuna.

Saa ya kugeuka iamuliwe mkiwa bado bandarini. Saa 3 asubuhi mkiona vilele vyeupe vimetapakaa upande wa kusini, ingieni ghuba iliyo karibu, hata kama imebaki saa moja tu. Saa hiyo moja ndiyo inayozamisha watu. Tafuteni upande wa kaskazini wa rasi, maana ndio uliofichwa na upepo huu. (Msikariri. Mvua zikianza, upepo ukija wa kaskazini, ghuba hiyohiyo ni mtego.) Kwenye mdomo wa Malagarasi kaeni kilomita 2 au 3 nje: mto umemwaga mchanga, mawimbi yanavunjikia hapo, na viboko hawana subira.

Mkilazimika kurudi na upepo nyuma, msifurahi mapema. Tanga kubwa na wimbi la tezi (la nyuma ya mashua) huigeuza mashua ubavu, na wimbi linalofuata linaimaliza. Tanga la foromali halipunguziki kirahisi, hivyo bebeni jingine dogo, kama nusu ya hilo, na mlibadilishe mapema, mikono ikiwa bado haijatetemeka. Mmoja akae nyuma. Fungeni tairi kuukuu kwa kamba ya mita 30, mliburute tezini. Linaishika mashua isikimbie mbele ya wimbi.

Injini hiyo, kama ni ya tu-stroki (inayochanganyiwa oili kwenye petroli), kwa moto wote hunywa lita 3 hadi 4 kwa saa. Upepo ukikosekana kabisa, kilomita 40 ni kama lita 16. Bebeni 25, na oili ya 2T mililita 500 ndani yake kama kitabu cha injini kinasema 1 kwa 50. Plagi mbili za akiba na pini za pangaboi. Chujeni petroli kwa kitambaa, kwa sababu uchafu wa dumu hutulia chini ukiwa bandarini na hupanda wimbi linapoanza kutikisa, yaani injini inazimika siku unayoihitaji.

SWALI: Nanga yangu ya kilo 12 ilishika vizuri jioni, usiku wa manane nikajikuta naelea katikati ya ziwa. Kamba ilikuwa mita 40. Kosa liko wapi? (Msomaji, Kalya)

JIBU: Kosa ni la mteremko, kaka. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, na sehemu nyingi chini ya milima sakafu inaporomoka hatua chache tu kutoka ufukweni. Jioni upepo wa ziwani ulikuwa unakusukuma kuelekea nchi kavu, nanga ikivutwa kupanda mlima, ikazama vizuri. Usiku upepo ukageuka, ukawa unaivuta kuteremka. Nanga inayovutwa kuteremka inang'oka, kisha inaning'inia tu kwenye kamba kama timazi.

Dawa ni kamba ya pili, inayotoka tezini hadi kwenye mti au jiwe kubwa nchi kavu. Usiku ifanye kamba hiyo ndiyo yenye kazi, nanga ibaki kuizuia mashua isirudi kugonga mawe. Na ukitia nanga penye mchanga tambarare, urefu wa kamba uwe mara 5 hadi 7 ya kina: maji mita 6, kamba mita 30 hadi 42. Mita 2 za mnyororo karibu na nanga zinasaidia kuliko kilo 5 za ziada.

SWALI: Mke wangu anatapika tangu tukiondoka. Tufanyeje? (Mzee wa Sunuka)

JIBU: Mpe usukani, mzee. Anayetazama mlima na kusubiri wimbi hachafukwi kama anayekaa chini akinusa petroli. Ale mihogo ya kuchemsha kabla ya safari, si tumbo tupu.

SWALI: Tukiwa wawili na mmoja akaanguka majini, aliyebaki afanye nini? (Mama wawili tena)

JIBU: Swali hili lingetangulia. Aliyebaki aachie demani, kamba ya kuongozea tanga, mara moja tanga lipepee, atupe dumu tupu lililofungwa kizibo, na asimpoteze machoni mwenzake. Arudi kwake kutoka chini ya upepo, omo ikitazama upepo, mwendo uishe akiwa pembeni yake, injini ikiwa imezimwa. Pangaboi hukata miguu. Mtu aliyelowa hainuliki kwa mikono. Tengenezeni ngazi ya kamba yenye vipandio 3, cha chini kiwe nusu mita ndani ya maji, ifungwe ubavuni kabla ya kuondoka. Jaribuni mchana karibu na ufuko, kila mmoja kwa zamu, na wewe dada ushushe tanga peke yako mpaka ulizoee. Wanaume wengi huangukia pale wanaposimama ukingoni kukojoa. Ndoo ipo kwa kazi hiyo.

Jaketi okozi zivaliwe, zisikaliwe. Na kwa farumi, uzito wa kuituliza mashua, msibebe mawe: madumu 5 ya maji ya lita 20 yanatosha, kilo 100 zilizofungwa chini kwa kamba. Mashua ikijaa, jiwe linaivuta chini, lakini maji ndani ya maji hayana uzito. Madumu matupu mengine manne yafungwe omo na tezi, chini ya mbao za kukalia, vizibo vikiwa vimekazwa kwa koleo.