Kengele Si Ruhusa ya Kupita

Nimeendesha baiskeli kwenda kazini miaka mingi, Ubungo hadi Kariakoo, Dar es Salaam, kwa Barabara ya Morogoro. Mtu akiniuliza kama baiskeli ziruhusiwe kwenye njia ya waenda kwa miguu, najibu ndiyo, ila kwa masharti. Masharti yenyewe niliyajua siku niliyomwangusha mtu.

Ilikuwa asubuhi, Manzese. Mbele yangu anatembea baba wa makamo, kabeba trei ya mayai. Nikapiga kengele, hakusogea. Nikapiga tena, ya tatu kwa hasira, kisha nikajipenyeza kati yake na meza ya muuza viatu vya mtumba. Usukani ukamgonga kiwiko, akaanguka kwa magoti, mayai yote chini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumuuliza mbona hasikii. Akanionyesha sikio, akatikisa kichwa. Alikuwa kiziwi. Mayai nililipa palepale. Goti lake lilikuwa linatoka damu, na hilo sikuwa na cha kulilipia.

Hata hivyo siwezi kumwambia mwendesha baiskeli arudi kwa magari. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016, njia za katikati ni zao, na daladala, malori na magari madogo yanabanana pembeni. Njia ya baiskeli ipo, lakini kuna sehemu imejaa bidhaa, kuna sehemu bodaboda wanaikatiza kama yao. Ukimkataza na huku, unamsukumia kwenye matairi. Na mtoto anayejifunza je? Japani wamewaruhusu kwenye njia ya miguu walio chini ya miaka 13 na waliofikisha 70, mradi waende polepole. Naona wametumia akili.

Basi ukipanda njia ya miguu, jua umeingia nyumba ya watu. Ukienda kilomita 20 kwa saa, kila sekunde unakula zaidi ya mita 5. Mama aliyebeba mtoto mgongoni hana muda wa kukukwepa. Nenda mwendo wa mtu anayetembea. Ukishindwa kutulia kwenye mwendo huo, shuka. Kengele piga mara moja, ukiwa mbali, ili ajue upo, asiposogea, subiri. Huenda hasikii, huenda haoni, huenda kachoka tu, na hadaiwi maelezo. Breki zikague kabla hujatoka nyumbani. Usiku washa taa, kwa sababu kengele peke yake haimwambii mtu unatokea upande gani.

Pale Manzese darajani siendeshi tena. Nashuka nikifika kwenye mafungu ya nyanya ya kwanza, nasukuma baiskeli upande wa barabara ili watu wapite upande wa ndani, mpaka msongamano uishe. Dakika tatu, nne hivi. Kisha napanda, naendelea na safari ya Magomeni.