Re: Huu ugonjwa usiojulikana ni kweli au wanatutisha?

Mkuu, umeuliza kama habari za "ugonjwa wa ajabu" ni uzushi tu. Si lazima. Taarifa ya kwanza kwa kawaida hutoka kabla ya majibu ya maabara, ndiyo maana haina jina. Kumbuka Lindi, Julai 2022: watu walitokwa damu puani, watatu wakafariki. Vipimo vya Ebola na Marburg vikaja hasi, baadaye Wizara ya Afya ikatangaza ni homa ya mgunda, ambayo huenezwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Ninachokitilia shaka mimi ni habari isiyotaja wilaya, idadi ya wagonjwa wala nani kapima. Hiyo usiisambaze. Ila mwenye dalili asisubiri tumalize kubishana, awahi hospitali.