Kujitolea hospisi bila kusomea uuguzi

Dada, umeuliza kama hospisi, yaani kituo cha kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, itakukubali ujitolee ilhali hujasomea uuguzi. Mambo ya mofini (dawa kali ya maumivu) na vidonda waachie wauguzi. Kuna mengine tele: kuketi na mgonjwa ili binti anayemuuguza apate saa moja ya kwenda sokoni, au kulala tu, maana huyo binti amechoka kuliko anavyosema. Kuna pia kupika chai, kupanga mafaili, kuendesha gari la kuwatembelea wagonjwa nyumbani (foleni zetu unazijua). Nairobi Hospice, iliyoanzishwa 1990, iko kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, pitia uulize. Kwa kawaida hospisi humfunza kwanza anayejitolea, hasa kusikiliza na kutunza siri. Ila kama umefiwa majuzi, mimi ningesema subiri kidogo.