Puesto, puesta, puestos: neno moja la Kihispania lenye kazi nyingi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natembeza wageni Zanzibar, na kundi langu la sasa linatoka Hispania. Mmoja aliniambia «ya he puesto las maletas en el coche», yaani ameshaweka masanduku garini; mwenzake akasema «llevo puesta la gorra», amevaa kofia. Kamusi yangu inasema puesto ni kibanda cha sokoni, tena ni cheo. Halafu kuna puesto que na puesta de sol. Je, ni neno moja au ni mengi? Na nitajuaje lini niseme puesto na lini puesta?

JIBU: Marahaba. Ni neno moja, na limetokana na kitenzi poner, kuweka. Kwa kanuni ya kawaida lingekuwa ponido, na watoto wa Kihispania husema hivyo kabla hawajazoea, lakini lililo sahihi ni puesto, yaani kilichowekwa. Kibanda cha sokoni ni pale muuzaji alipojiweka, na cheo ni nafasi aliyowekwa mtu. Hata kodi, impuesto, imo katika ukoo huu: ni kitu ulichowekewa juu yako, upende usipende. Na dereva wako akipata pancha, wageni watauliza kama kuna rueda de repuesto, tairi la spea.

Sasa o na a, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Usianze kukariri. Tazama neno lililotangulia.

Likitanguliwa na kitenzi kisaidizi haber (he, has, ha, hemos, habéis, han), puesto haligeuki kabisa. Maletas ni ya kike, tena ni wingi, lakini mgeni wako alisema he puesto, na ndivyo inavyotakiwa. Kiswahili kitakusaidia hapa. Tunasema «nimeandaa meza», na kitenzi kinamfuata mtendaji, mimi. Meza haina neno. Tukisema «meza imeandaliwa», kitenzi kinaifuata meza. Kihispania nacho ni hivyohivyo, ila mabadiliko yako mwishoni: he puesto la mesa, kisha la mesa está puesta. Kwa hiyo baada ya estar (kuwa katika hali fulani), llevar (kubeba au kuvaa) au tener (kuwa na kitu), neno hili linaeleza hali ya kitu, na lazima lifuate jinsia na idadi ya kitu hicho.

Ndiyo maana kofia ikawa puesta. Na angalia vizuri: llevo la gorra peke yake yaweza kumaanisha kofia iko ndani ya mkoba. Puesta ndiyo inayoiweka kichwani. Kwa kazi yako sentensi hii utaihitaji sana mlangoni mwa msikiti: «No se puede entrar con los zapatos puestos», hairuhusiwi kuingia na viatu miguuni. Zapatos ni ya kiume na ni wingi, kwa hiyo puestos. Ukisema puesto watakuelewa, lakini wewe unalipwa kwa lugha, basi isemwe sawasawa.

Puesto que ni «kwa kuwa». Haligeuki, na utalikuta zaidi kwenye maandishi. Katika mazungumzo ya garini porque inatosha.

Tahadhari moja. Estar puesto en historia ni kuijua historia vizuri, ni sifa njema. Lakini huko Hispania ir puesto, bila kutaja somo, ni kuwa umelewa au umetumia dawa za kulevya. Usimsifu mgeni kwa maneno hayo.

Imebaki puesta ikiwa nomino, tendo lenyewe la kuweka au kujiweka. Kwa kasa ni utagaji, kwa sababu kutaga mayai ni poner huevos. Kwa jua ni kutua: la puesta de sol. Wageni watakuuliza saa yake kila siku, nawe chunga saa zetu. Jua likitua saa 12:30 jioni, sema «a las seis y media». Ukitafsiri moja kwa moja ukasema doce y media, watashuka ufukweni na kamera zao mchana, saa sita na nusu.